Difu ya Lami Kwenye Njia ya Maziwa

Elinami Mbise hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Anaanza vizuri tu, kwenye kigoda kama watu wengine, lakini chai haijafika nusu utamkuta mlangoni, kisha uani, kisha nyuma ya banda la ng'ombe anatazama kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakijui. Kanisani hukaa benchi la mwisho, na wimbo wa kufunga ibada humkuta nje. Evelyn, mke wake, alishazoea. Watu wakimuuliza mumewe yuko wapi hujibu, "Alikuwa hapa sasa hivi," na jibu hilo halijawahi kuwa uongo.

Kwao ni mlimani, juu ya Makumira, pale migomba na kahawa inapokaribia kuugusa msitu. Aliwahi kuwa dereva wa watalii, akaacha, kwa sababu hakuweza kukaa asubuhi nzima akisubiri mgeni ampige picha simba aliyelala. Akauza spea mjini, akaacha. Akafuga kuku, hao ndio walioacha wenyewe. Kazi pekee iliyomshika ni ile aliyopewa na wanawake: kuendesha pikapu ya kikundi cha maziwa.

Kikundi ni cha akina mama wafugaji wa kijijini, na mwenyekiti wake ni Evelyn. Pikapu ni yao, waliinunua kwa kujinyima miaka na miaka. Kila alfajiri inazunguka kukusanya keni za maziwa, inashuka bondeni, inavuka mto, inapanda kilima cha ng'ambo, ndipo inaipata lami na kuelekea kituo cha kupozea maziwa Usa River. Siku ya kuchagua dereva palikuwa na minong'ono. Mama Anande, mjane mwenye ng'ombe wawili na ulimi wa kumtosha mwenye ishirini, alisema waziwazi kwamba gari la maziwa linataka mtu mtulivu, na Elinami hata akilala anatembea. Evelyn akasimama.

"Mimi namsimamia," alisema. "Akiharibu, mniulize mimi."

Wakatoa funguo. Toka siku hiyo Elinami aliendesha pikapu ya watu kwa neno la mkewe, na alilijua hilo kila alipowasha injini.

Lakini njia ya maziwa, jamani, haina haraka. Ukikimbia na maziwa katika lile bonde utafika na siagi. Basi gari lenye injini ya kubeba nyumba likawa linatambaa kila siku, gia ya kwanza, gia ya pili, gia ya kwanza tena, na dereva wake ametoa kiwiko dirishani, goti linamchezacheza kwa kutamani. Alikuwa akiisikia ile injini ikiguna chini ya miguu yake na kuionea huruma, kana kwamba wamefungwa wote wawili kwenye kamba moja.

Ugonjwa wa mbio ulimpata gereji, Sombetini, alikoipeleka pikapu kubadilishwa oili. Fundi wake ni Saning'o, Mwarusha mrefu wa maneno machache anayefanya kazi huku amevaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Pale gereji Elinami akasikia habari za Jumamosi. Watu wenye pikapu walikuwa wanakutana kwenye uwanja mkavu, njia ya kwenda Oljoro. Mstari mmoja ulionyooka, pikapu mbili mbili, kitambaa kikishuka zinaondoka, atakayetangulia kwenye mapipa ya mwisho ndiye bingwa. Zawadi ni mbuzi wa kuchoma na maneno ya wiki nzima. Bingwa wa siku hizo alikuwa Melkizedeki, mfanyabiashara wa Kichaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na pikapu yake nyeusi ilikuwa haijawahi kutazama mgongo wa mwenzake.

Mtu mwingine angesikia akaenda zake. Elinami aliomba kuazima matairi.

Saning'o alikuwa nayo pembeni ya gereji, mawili, ya mbio: mapana, laini, mafupi kuliko yale ya mlimani, hayana meno ya kuuma tope. Jumamosi, maziwa yakiwa yameshafikishwa, wakayafunga nyuma, na Elinami akaenda Oljoro bila kumwambia mtu. Kitambaa kiliposhuka pikapu yake iliruka kama mbuzi aliyekanyaga moto. Watu walipiga kelele. Kwa kitambo kifupi cha furaha Elinami alimwona Melkizedeki kwenye kioo cha nyuma, nyuma kabisa. Halafu katikati ya njia injini ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, ikafika mwisho wa pumzi yake, na mwendo ukagoma kuongezeka. Ile nyeusi ikampita taratibu, kwa adabu zote. Melkizedeki alipunga mkono.

Huo mkono ndio uliomwangusha. Wiki nzima Elinami hakulala vizuri. Akiwa anakamua ng'ombe aliuona. Akiwa kwenye maombi ya jumuiya aliuona. Ijumaa, alipomaliza tu kushusha keni, alikuwa Sombetini.

"Ero, ndugu yangu, tatizo si injini," Saning'o alimwambia. "Tairi na difu ni mke na mume. Umebadilisha mmoja bila kumshirikisha mwenzake. Nyumba haiwezi kukalika."

Akamwonyesha, kwa sababu Saning'o hapendi kueleza kitu ambacho kinaweza kuonekana. Waliinua nyuma ya gari kwa jeki mbili. Fundi akaweka alama ya chaki kwenye tairi, akaweka nyingine kwenye ile nondo nene inayotoka kwenye gia boksi, wenyewe huiita propela. Wakazungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja, polepole, mzunguko mmoja tu, huku wameinama kuhesabu propela imezunguka mara ngapi. Ilizunguka mara nne na kitu.

"Hiyo ni difu ya mlima," Saning'o alisema, akigonga kwa spana lile bonge la chuma katikati ya ekseli. "Injini inazunguka sana ili gurudumu litembee kidogo. Nguvu unayo, mwendo huna. Sasa wewe ukaifunga na tairi fupi. Tairi fupi linameza ardhi kidogo kidogo. Umeongeza nguvu juu ya nguvu. Ndiyo maana uliruka, halafu ukaishiwa njiani."

"Dawa yake?"

"Difu ya lami. Ninayo ya gari lililokufa. Yenyewe propela inazunguka mara tatu na nusu, gurudumu limemaliza mzunguko. Hiyo na tairi fupi wanaelewana."

Elinami hakumwacha hata akamilishe. Tayari alikuwa chini ya gari na spana.

Sasa hapa ndipo penye neno, na Saning'o alilisema, tena mara mbili, ili baadaye mtu asije akasema hakuambiwa. Pikapu ile inavuta nyuma tu katika siku za kawaida. Lakini pembeni ya gia kuna kimkono kifupi kiitwacho fowili, ambacho ukikivuta magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Huko mbele nako kuna difu yake, ndogo, yenye meno yaleyale ya mlima.

"Mbele sijagusa," Saning'o alisema. "Kwa hiyo mbele itataka kwenda na mwendo wake na nyuma na mwendo wake, na wote wamefungwa kwenye boksi moja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Usivute fowili mpaka urudi nikurudishie difu yako. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Jumatatu nitakuwa hapa."

"Usivute."

"Nimesikia, fundi!"

Siku iliyofuata alishinda. Niseme nini zaidi? Iliondoka kwa nguvu ya kutosha, gia ya pili ikapokea, ya tatu ikapokea, na pale palipoua injini wiki iliyopita safari hii ikafunguka kama mlango. Vumbi lote lilikuwa nyuma yake. Alipofika kwenye mapipa alikuwa anacheka peke yake ndani ya gari, kwa sauti, na machozi yakimtoka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi goti lake lilikuwa limetulia. Aliketi kwenye jiwe akala nyama ya mbuzi mpaka ikaisha, na hakusimama hata mara moja.

Melkizedeki alikuja kumpa mkono. "Mwanaume umenipata," alisema. "Jumamosi ijayo njoo tena, tuone kama ulibahatisha."

Kwa hiyo Jumatatu Elinami hakwenda Sombetini. Angerudishaje difu leo, kisha aitoe tena Ijumaa? Alirudisha matairi ya mlimani tu, kwa sababu yale ya mbio hata mtoto wa darasa la pili angeyagundua. Difu ya lami ikabaki, imejificha ndani ya chuma chake, na nje pikapu ilionekana ileile ya akina mama. Ni Oktoba, alijiambia, vumbi tupu, nani anahitaji fowili? Vuli bado ilikuwa mbali.

Lakini tairi refu na difu ya lami ni uvivu juu ya uvivu. Kwenye kilima cha ng'ambo pikapu ilipanda ikihema, klachi ikinuka, na Elinami akaikanyagia mafuta kama anayeua nyoka. Mama Anande, aliyekuwa amepewa lifti hadi barabarani, alikunja pua.

"Mwanangu, hili gari limekuwaje? Mbona linapanda kama mimi?"

"Mafuta machafu tu, Mama," Elinami alisema.

"Haya," alisema Mama Anande, kwa ile haya ambayo haimaanishi haya.

Alhamisi usiku mvua ilinyesha juu ya Meru. Haikuwa mvua ya kuonjesha. Elinami alikaa kitandani akisikiliza bati, na alfajiri alipotoka alikuta udongo mwekundu umeshalainika na unateleza. Bado alikuwa na nafasi ya kusema. Angesema gari lina hitilafu, angesema wasubiri jua litoke, angesema ukweli wenyewe. Akapakia keni. Na akiwa anafunga mlango wa nyuma Evelyn akatoka amevaa kitenge kizuri na viatu mkononi.

"Nashuka na wewe, Baba Nice. Meneja wa kituo ameniita. Wanataka tuongeze maziwa, eti kikundi chetu hakijawahi kuchelewesha." Alikuwa anang'aa kwa furaha. "Unaona? Mama Anande na maneno yake yote!"

Elinami alisema ni vizuri.

Bondeni walishuka salama. Mto ulikuwa umejaa kidogo, wakavuka. Kisha kikaja kilima. Pikapu ilipanda hatua chache, nyuma ikaanza kuteleza kushoto, magurudumu yakazunguka bure yakirusha tope. Akashuka kinyumenyume, akajaribu tena. Ikateleza tena, safari hii mpaka ukingoni mwa mtaro. Keni ziligongana nyuma.

"Weka fowili," Evelyn alisema.

"Subiri."

"Nisubiri nini? Si huwa unaweka hapahapa?"

"Nataka nijaribu upande ule."

Akajaribu upande ule. Jua lilikuwa limeanza kuchomoza, na maziwa hayana subira. Evelyn alitazama saa ya simu yake, akamtazama mumewe, na hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. "Baba Nice, kuna nini? Weka fowili twende."

Sentensi ilikuwa fupi. Nimebadilisha difu ya nyuma ili nikashindane. Hata mtoto angeweza kuitamka. Elinami aliipeleka mpaka kwenye meno, akaona lile neno *namsimamia* limekaa kando yake limevaa kitenge kizuri, akaimeza. Mkono wake ukaenda kwenye kile kimkono, ukavuta.

Na Mungu amsamehe, ikapanda. Tope liliyaruhusu magurudumu kuteleza kidogo huku na kidogo kule, kila difu ikapata nafasi ya kudanganya, na pikapu ikakwea vizuri kabisa. Evelyn akapiga makofi. Elinami aliona juu, karibu na kona, mahali palipomwagwa mawe. Yale mawe walikuwa wameyapanga wenyewe wanakijiji kwa msaragambo, mwaka jana, ili magari yasiteleze. Elinami alibeba mengi kuliko mtu yeyote kwa sababu hakuweza kusimama kusubiri zamu. Matairi yakapanda kwenye mawe, yakashika kwelikweli, na hapakuwa tena na nafasi ya kudanganya. Gari lilijikaza lote, likatetemeka. Kukawa na mlio mmoja chini ya viti, mzito, halafu vipande vya chuma vikisagana, halafu kimya. Injini iliunguruma lakini hakuna gurudumu lililosogea.

"Ni nini?" Evelyn aliuliza.

"Sijui," alisema Elinami. Kisha, kwa kuwa uongo haupendi kukaa peke yake, akaongeza, "Labda fundi hakufunga vizuri."

Walipiga simu juu, wanawake wakashuka. Walijitwisha keni vichwani, wakapanda nazo katika lile tope hadi barabarani, Mama Anande akiwemo, na umri wake ule. Walipata gari la kukodi kwa taabu, na kituoni wakafika saa ambazo wenzao wameshaosha vyombo. Kipimo kilipotiwa, maziwa yakaganda. Yote yakakataliwa. Meneja hakuzungumza tena habari za kuongeza. Wiki hiyo kijiji kizima kilikula loshoro, kwa maana maziwa yakichacha hayatupwi, yanachanganywa na mahindi, na kila nyumba ulipopita ulisikia wakicheka kwa uchungu kwamba leo tena ni loshoro ya dereva.

Jumapili baada ya ibada kikundi kilikaa chini ya ukuta wa kanisa. Safari hii Elinami hakuwa mlangoni. Aliwekwa katikati, kwenye benchi, na kila mshipa wa mguu wake ulitaka kuondoka.

Evelyn alisimama mbele ya wenzake. Sauti yake ilikuwa kavu. "Niliwaambia mniulize mimi, na niko hapa. Dereva hana kosa. Gari lilitoka kwa fundi wiki iliyopita likiwa halipandi vizuri, Mama Anande mwenyewe aliliona. Kesho nashuka Sombetini. Nitamwambia huyo Saning'o mbele ya wateja wake wote kwamba ametuharibia gari, na kama ni mwanaume anijibu."

Wanawake wakaitikia. Elinami alimwona tayari: Evelyn amesimama katikati ya gereji, kitenge chake kile, kidole juu, na wanaume wenye oili mikononi wakimsikiliza. Aliona Saning'o akivua kofia kwa heshima na kumjibu, Mama, mume wako hajakwambia? Aliona uso wake baada ya hapo.

Akasimama. "Usiende," alisema.

Akasema yote. Matairi, difu, Oljoro, onyo la fundi, ile Jumatatu ambayo hakwenda. Hakuna aliyemkatiza, hata Mama Anande. Alipomaliza, Evelyn hakuuliza habari za gari.

"Pale kilimani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nimekaa pembeni yako."

"Ndiyo."

Evelyn alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua. Kisha akasema kwa sauti ya mwenyekiti kwamba wanaoona dereva arudishe funguo wanyooshe mikono, na mkono wake ulikuwa wa kwanza kwenda juu.

Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, lakini hawasemi asubuhi inayofuata mtu anafanya nini. Elinami aliuza pikipiki yake ili Saning'o apate kulifungua lile boksi na kurudisha meno ya mlima mahali pake. Kazi ya gari wakampa Arnold, kijana anayeendesha kana kwamba kila siku amebeba mayai. Na mpaka gari litakapopona, kikundi kilikata shauri maziwa yavuke bonde kwa miguu, gari la kukodi liyapokee barabarani.

"Miguu si ilikuwa inamwasha?" alisema Mama Anande. "Basi atembee."

Akatembea. Kila alfajiri keni mbili, moja kila ncha ya mti begani, akishuka na kupanda nyuma ya wanawake. Evelyn alikuwa anatangulia na keni yake kichwani, hageuki. Nyumbani alimwekea chakula, alijibu alichoulizwa, basi. Siku zikaenda hivyo. Elinami angependelea matusi. Usiku alikaa mezani mpaka chai ikapoa, akisubiri neno, na ajabu ni kwamba hakusimama.

Kisha asubuhi moja, pale kwenye mawe, Evelyn alisimama kupumzika, akatua keni yake. Wenzake walipita. Elinami naye akatua mzigo, akasimama hatua chache chini yake, hajui kama anaruhusiwa kusogea. Bonde lilikuwa limejaa ukungu na jogoo walikuwa bado wanabishana huko juu.

"Ile Jumamosi," Evelyn alisema bila kumtazama. "Ulishinda?"

Elinami alishtuka. Katika aibu ile yote hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kulisahau.

"Nilishinda," alisema. "Nilimwacha mbali."

Evelyn alitikisa kichwa polepole, macho yako bondeni.

"Ungeniambia," alisema, "ningekuja kukushangilia."

Akajitwisha keni yake, akaendelea kupanda.